Gari la Kuvuta Mitumbwi

Bertille aliyajua magari ya Kalemie kwa kiu yake. Meza yake ilikuwa kando ya barabara, pale inapoanza kuteremka kuelekea ziwani, na juu yake chupa za esansi, yaani petroli, zilipangwa kama wanakwaya, fupi mbele, ndefu nyuma. Mazutu, yaani dizeli, aliiweka chini ya meza, kwenye mabidoni ya njano, kwa kuwa wateja wake walikuwa wachache na hawakuhitaji kubembelezwa. Mji mzima unawaita watu wa kazi yake makadhafi, na jina hilo halikumkera. Lilikuwa limelipa minerval, ile ada ya shule, ya watoto wanne kwa miaka saba. Katika miaka hiyo alikuwa amejifunza gari gani hurudi mezani kila asubuhi kama mlevi, na gari gani hunywa mara moja kwa wiki na kupotea.

Kwa hiyo Toussaint, mume wake, alipokuja siku ya Jumatano saa sita mchana akamwambia kwamba gari limepatikana, Bertille hakuuliza rangi wala mwaka.

"Inakunywa nini?" akauliza.

"Esansi," akasema Toussaint. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi. "Pikapu nyekundu, kabini mbili. Njo ile ya Landry. Ukiiona, utasema ilitoka kiwandani jana."

"Na itavuta mutumbwi uliolowa maji?"

"Itavuta hata nyumba."

Toussaint alikuwa fundi wa mitumbwi, tena fundi mwenye jina. Lakini ziwa lilipopanda, lilikuwa limemeza kiwanja chake cha ufukweni pamoja na banda na magogo, na sasa alifanyia kazi juu, ng'ambo ya barabara, mwendo wa mteremko mzima kutoka majini. Kuupandisha mtumbwi mmoja kulihitaji wanaume thelathini, kamba na kelele, na kila mwanaume alitaka chake. Mwaka uliopita kamba ilikatika, mtumbwi ukarudi nyuma, na mtu mmoja akavunjika mguu. Tangu hapo wavutaji waliongeza bei, halafu wakaanza kutokuja kabisa.

Mwaka huu koperative ya wavuvi ilikuwa imempa mitumbwi tisa ya kutengeneza wakati ziwa limefungwa kwa uvuvi. Ikitoka kwake kabla ya ziwa kufunguliwa katikati ya Agosti, mwakani atapewa yote ishirini na mbili. Isipotoka, kuna fundi mwingine ng'ambo ya Lukuga ambaye kiwanja chake kiko karibu na maji na ambaye tayari alikuwa amekwenda kuwasalimu viongozi wa koperative akiwa amevaa shati jeupe. Remoriki, tela la kubebea mtumbwi, Toussaint alikuwa nayo, aliichomelea mwenyewe juu ya ekseli ya lori bovu. Alichokosa ni kitu cha kuivuta. Julai ilikuwa imeanza.

Dola elfu sita, jasho la miaka minne, lake na la mkewe, zilikuwa katika sanduku la bati. Landry alitaka elfu sita.

"Na ile ya Papa Félicien?" Bertille akauliza, macho yake yakiwa kwenye chupa aliyokuwa akiifuta. "Hata yeye anauza."

Toussaint akacheka. "Ile inayokohoa? Fundi alisema injini imekufa. Anataka elfu nne na mia mbili, na hata hizo ni nyingi. Halafu ni mazutu. Mazutu ikiharibika pompe, unauza shamba. Esansi ikiharibika, hata mutu wa pikipiki anatengeneza." Akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli. "Wewe unauza esansi meza nzima. Unataka tununue mazutu?"

"Njo maana," akasema Bertille. "Najua inavyoisha."

* * *

Landry aliileta pikapu kiwanjani siku iliyofuata, saa nne asubuhi, akiwa amevaa miwani ya jua na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga mchanga. Yeye hakuwa na gari lake mwenyewe. Alikuwa na simu mbili na watu wengi anaowafahamu. Alikuwa komisionere, mtu wa katikati, na alilizunguka gari akilipapasa kama bwana harusi.

Lilikuwa zuri, hilo Bertille hakubisha. Lilikuwa na redio, na viti vilivyofunikwa nailoni ambayo mwenye gari wa kwanza hakuwa na moyo wa kuichana. Lilipowashwa halikutetemeka. Toussaint aliingia, akashika volani, na uso wake ukawa wa kijana wa miaka ishirini. Hakuwa na leseni, na kuendesha kwake kulikuwa kwa kubahatisha, lakini kushika volani hakuhitaji leseni.

"Asubuhi unapiga ufunguo mara moja," Landry akasema. "Hakuna kungoja ipate moto. Hakuna moshi. Vipande vyake viko kila soko, hapa, Kabalo, Manono, kila mahali. Papa Toussaint, wewe ni muntu mukubwa sasa. Muntu mukubwa hapande chuma cha kukohoa."

"Ikivuta tani mbili kwenye mchanga, inakunywa lita ngapi?" Bertille akauliza.

Landry alimjibu Toussaint. "Lita kama gari zote."

"Gari zote hazinywi sawa," Bertille akasema.

Landry akatabasamu, akavua miwani kwa heshima. "Mama Bertille, kwa bei ya chupa wewe ni mwalimu wetu sote. Lakini injini ni kitu kingine. Tusaidie maji ya kunywa, jua kali."

Toussaint alikuwa akigusa vitufe vya redio. Hakusikia, au alisikia akaona ni jambo dogo. Bertille akaenda kuleta maji. Aliyaleta katika bilauri safi, juu ya sahani, kama anavyoletewa mgeni. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya maji. Alikuwa na sababu yake ya kutaka gari la Papa Félicien liangaliwe vizuri, na sababu hiyo hakuwa amemwambia mtu.

* * *

Papa Félicien alikuwa mtu wa Moba aliyezeekea katika kazi ya reli. Alipopewa barua ya kupumzika alinunua pikapu nyeupe iliyovushwa kutoka Kigoma, volani kulia, na kwa miaka tisa alifuata mahindi Niemba na kurudi. Marehemu mke wake alikuwa Mubembe wa Fizi, kama Bertille, na kwa sababu hiyo tu alimwita Bertille shemeji na hakununua mazutu kwa mtu mwingine yeyote. Wengine walikuwa na bei nafuu zaidi. Aliwapita.

Mwezi wa pili, wakati wa mvua kubwa, Bertille alinunua pipa la mazutu kwa tajiri mmoja wa bandarini. Mazutu ya juu ilikuwa safi. Alipofika chini aliona mpira wake wa kunyonyea unatoa kitu kizito chenye rangi ya chai ya maziwa, akajua kwamba pipa lilikuwa na maji. Alirudi kwa tajiri, na tajiri akamwuliza kama ana karatasi. Hakuwa na karatasi. Jioni ile Papa Félicien akasimama mezani, safari ya Niemba mbele yake, akaomba lita arobaini. Bertille alikuwa na thelathini nzuri. Kumi za mwisho alizimimina akitazama barabara.

Alijiambia kwamba lita kumi ndani ya tangi kubwa si kitu. Wiki iliyofuata alimaliza pipa kwa njia hiyo hiyo, lita tano hapa, lita tano pale, na nyingi zilikwenda kwa mzee kwa sababu ndiye aliyenunua nyingi. Baada ya Pasaka gari lile likaanza kukohoa kwenye vilima. Fundi mmoja aliweka sikio juu ya injini, akatikisa kichwa, akasema imezeeka. Bertille alisikia habari hiyo kwa Papa Félicien mwenyewe, ameegemea meza yake, na alifungua kinywa aseme, kikatoka kitu kingine, pole.

Kila siku iliyopita iliongeza uzito wa neno lile lisilosemwa. Wiki za kwanza lingekuwa kosa. Baada ya miezi mitano lilikuwa limeshakuwa wizi.

Alhamisi hiyo, baada ya Landry kuondoka na maji yake tumboni, Bertille alimwambia mumewe jambo moja tu: "Usinunue gari la kuvuta bila kuliona likivuta. Zote mbili, mutumbwi mutumbwi, kutoka majini mpaka kiwanjani. Ile itakayofika, tununue."

Toussaint alipenda wazo hilo. Aliona tayari pikapu nyekundu ikipanda mbele ya wavuvi wote wa koperative, na yeye amesimama juu ya mtumbwi.

* * *

Jumamosi watu walijaa ufukweni kama kwenye mechi. Ziwa likiwa limefungwa, wavuvi hawana la kufanya, na gari linalosumbuka mchangani ni burudani isiyolipiwa. Mama Françoise alihamishia karai lake la mandazi pale pale chini ya mteremko na kabla ya saa tatu alikuwa amemaliza unga wa kwanza.

Walianza na nyekundu. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa wa mita kumi na mbili, mbao zake zimenyonya maji miezi mingi. Waliulaza juu ya remoriki, wakaifunga remoriki nyuma ya pikapu. Bertille alikuwa ametia lita nane za esansi na mkono wake mwenyewe. Landry alikaa kwenye volani, akafunga madirisha, akakanyaga.

Injini ililia kwa sauti ya juu. Magurudumu yalizunguka, yakatupa mchanga kwenye miguu ya watu, yakajichimbia shimo. Watu wakacheka, wakasukuma. Gari likatoka shimoni, likapanda hatua ishirini, likalia tena, na safari hii kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Wanaume kumi na watano wakaweka mabega. Kwa kusukumwa na kulia, kulia na kusukumwa, pikapu nyekundu ilifika barabarani, ikavuka, ikaingia kiwanjani. Landry alishuka shati limemganda mgongoni.

"Imefika au haikufika?" akauliza.

"Imefika," Toussaint akasema, kwa furaha iliyopungua kidogo.

Bertille alichungulia mshale wa esansi. Ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Ikawa zamu ya nyeupe. Papa Félicien alikuja amevaa kofia yake ya reli na suruali iliyopigwa pasi, kwa maana alijua atatazamwa. Walifunga remoriki na mtumbwi wa pili, pacha wa ule wa kwanza. Mzee aliingia upande wa kulia, akatia gia ya chini kabisa, akaachia taratibu. Gari halikulia. Liliondoka mchangani polepole, bila hasira, kama mtu anayetoka kitandani siku ya kazi, na kwa hatua thelathini hakuna aliyecheka, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyesukuma.

Kisha kilima kikaanza, na gari likakohoa. Likatoa moshi mweupe, likatetemeka, likakohoa tena, na katikati ya mteremko, mtumbwi ukining'inia nyuma, likazimika. Toussaint alipiga kelele watu walete mawe. Waliyaweka nyuma ya magurudumu, na hapo ndipo kicheko kikafunguka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Mtu mmoja alikohoa kama gari. Mwingine akajibu kwa kikohozi kirefu zaidi.

Papa Félicien alijaribu ufunguo mara tatu. Akashuka. Akafuta mikono kwenye kitambaa ingawa haikuwa michafu.

"Mzee, usisumbuke," Landry akasema, akimkaribia kwa upole wa mtu wa biashara. "Mimi nitakusaidia. Nitakupa elfu moja na mia tano leo hii, kama chuma. Nitaikatakata, nitafute wa kununua milango."

Papa Félicien alilitazama gari lake.

"Chukua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Papa Félicien, usiuze," Bertille akasema.

Vichwa viligeuka. Landry alianza, "Mama, mambo ya injini..."

"Injini haina kitu. Fungua boneti, Papa."

Mzee alifungua. Kwa miaka saba Bertille alikuwa amewatazama madereva wakitengeneza magari yao mbele ya meza yake, na wengine alikuwa amewashikia taa. Alijua kile kikombe cha chuma kinachochuja mazutu kilipo, na skrubu ndogo iliyo chini yake. Aliomba chupa tupu ya maji kwa Mama Françoise, akaiweka chini ya skrubu, akaifungua kwa vidole. Chupa ilipojaa nusu aliifunga, akaiinua juani, akasubiri. Vitu viwili vikajitenga ndani yake, mazutu juu, na chini maji machafu, marefu kuliko mazutu.

Wavuvi wanajua maji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Walichimba kishimo, wakafungua tangi chini, wakamwaga kila kitu. Bertille alimtuma Toussaint mezani kuleta bidoni mbili zilizotulia siku tano, alizozichuja mwenyewe kwa kitambaa mara mbili. Toussaint alikwenda akikimbia bila kuuliza kwa nini mke wake alikuwa amechuja lita arobaini za mazutu tangu Jumatatu. Swali hilo lilimjia baadaye. Bertille alipampu kwa kidole gumba ile pompe ndogo ya mkono mpaka mapovu yakaisha, na kidole kikavimba. Kazi yote ilichukua karibu saa nzima, na mandazi ya pili yakaisha.

"Washa, Papa."

Gari lilikohoa mara moja, mara mbili, likatema moshi, kisha likatulia. Lilitoa mlio mzito, wa chini, usio na haraka. Waliondoa mawe. Papa Félicien aliachia mguu, na pikapu nyeupe ikapanda mteremko na mtumbwi wake pole pole, ikavuka barabara, ikaingia kiwanjani, bila bega la mtu hata mmoja. Waliokohoa walipiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wengine.

Mzee alishuka. Alikuwa akicheka, meno yote nje, na Toussaint alikuwa akimpiga mgongoni. Halafu kicheko chake kikapungua, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Maji yale," akasema. "Yalitoka wapi? Mimi sinunui kwingine."

Hakuwa akimshitaki mtu. Alikuwa akiuliza kweli. Bertille angeweza kusema mvua, kifuniko, tangi la zamani. Maneno yote hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Ni mimi," akasema. "Mwezi wa pili. Pipa lilikuwa na maji, nikaona, nikakumiminia. Si mara moja."

Hakuna aliyekohoa. Papa Félicien alimtazama muda ambao Bertille aliuona mrefu kama misa. Kisha akainama, akaifungua remoriki mwenyewe, akapanda gari lake, akaondoka.

Landry akamgeukia Toussaint. "Basi," akasema, akivaa miwani, "mumebaki na mimi. Na sasa ni elfu sita na mia tano."

* * *

Mchana ule Toussaint alipiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama karatasi. Bertille alikaa kwenye gogo, mbali kidogo, akaweka kidole chake ndani ya kikombe cha maji ya chumvi.

"Ulijua tangu lini?" Toussaint akauliza bila kugeuka.

"Tangu ilipoanza kukohoa."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Randa ikaenda, ikarudi. "Ungeniambia mimi. Mimi ni bwana yako. Ungeninong'oneza Alhamisi, tungenunua kwa elfu nne na mia mbili, tukasafisha hapa hapa nyumbani, hakuna mutu angejua."

"Njo maana sikukuambia," akasema Bertille.

Toussaint akasimamisha randa. Alifikiri. Alikuwa mtu mwaminifu kwa kiasi chake, na aliona picha yake mwenyewe amepiga magoti chini ya gari la mzee, akimwaga maji, akichekelea. Alijaribu kubaki na hasira, lakini ilimponyoka.

"Ningenunua," akakiri. "Hata kwa elfu moja na mia tano ningenunua."

"Najua."

"Mbele ya koperative nzima, Bertille. Sasa nani atanunua kitu mezani kwako?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Jioni watu wa pikipiki walipita. Walionunua waliinua chupa juu, wakafumba jicho moja, wakatazama chini yake. Mmoja alinunua, akarudisha, akaomba pesa yake, na chupa ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Bertille alimrudishia. Dereva mmoja wa lori, mteja wake wa miaka, alipunguza mwendo, akamwona, akaongeza mwendo. Alikaa mezani mpaka muda wake wa kawaida wa kufunga, wala hakufunga dakika moja kabla.

* * *

Jumapili baada ya misa pikapu nyeupe ilisimama mbele ya nyumba yao. Papa Félicien alishuka amevaa koti. Alikubali kiti, akakataa chai. Bertille alisimama mlangoni, hakujua kama akae au atoke.

"Kaa, shemeji," mzee akasema. Neno lile lilimfanya akae haraka kuliko alivyokusudia. "Nimekuja kwa sababu ya gari. Ilipokuwa nzima, muntu wa Moba alinipa elfu sita, nikakataa. Sasa ni nzima. Bei ni elfu sita."

"Papa," Toussaint akaanza kwa sauti yake ya soko, "gari ya miaka..."

Bertille alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Elfu sita," akasema. "Tutalipa."

Papa Félicien alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuonekana mtu aliyemaliza. Aligeuza kofia yake magotini.

"Maji si kitu," akasema. "Kila mutu amewahi kuuziwa maji. Kilichoniuma ni kingine. Miezi mitatu nilifikiri ni mimi. Ninaachia mguu, inakufa. Ninatia gia, inakufa. Nikasema, Félicien, mikono imeisha, imekuwa ya mzee. Niliwaambia watoto wangu siendeshi tena. Walinijibu upesi sana, ndiyo Papa, pumzika. Upesi sana." Akamtazama Bertille. "Na wewe ulikuwa unanitazama kila wiki, unaniambia pole."

Bertille alikuwa ametayarisha maneno tangu Jumamosi, na yote yalikuwa juu ya mafuta. Hakuna hata moja lililofaa hapa.

"Nilikuona," akasema. "Niliona unashuka kwenye gari unashika mulango. Zamani hukushika. Nisamehe, Papa. Sina lingine."

Mzee hakusema amesamehe. Aliiweka kofia kichwani, kisha akaivua tena kwa kuwa alikuwa ndani ya nyumba ya watu.

"Nani ataendesha?" akamwuliza Toussaint.

"Tutatafuta dereva. Mimi mwenyewe bado ninajifunza."

"Nilisikia ulivyoshika volani ya ile nyekundu Alhamisi. Utaua watu." Akasimama. "Gari nauza. Volani siuzi. Mitumbwi saba iliyobaki nitapandisha mimi, na yote tisa nitateremsha mimi, na mutanilipa kama dereva. Baada ya hapo tutazungumza."

Toussaint alimtazama mkewe. Safari hii alisubiri kabla ya kujibu.

"Karibu kazini, Papa," Bertille akasema.

* * *

Mitumbwi saba ilipanda kwa siku nne. Mtu wa kwanza kurudi mezani kwa Bertille alikuwa yule dereva wa lori; alikuwa amekwama bila mazutu kilomita mbili kutoka hapo na hakuwa na la kuchagua, lakini alirudi tena wiki iliyofuata akiwa na la kuchagua. Wengine hawakurudi. Kwa tajiri wa bandarini Bertille hakukanyaga tena. Alinunua kwa mtu mwingine, kwa bei ya juu, na akala hasara kimya. Landry aliuza pikapu nyekundu kwa mwanamuziki, na ilikuwa ikionekana jioni mbele ya mabaa, imependeza, haina cha kuvuta.

Mtumbwi wa tisa ulirudi majini siku mbili kabla ya ziwa kufunguliwa. Viongozi wa koperative walikuja kuutazama, wakagonga mbao kwa vidole, wakamshika Toussaint mkono, na kuhusu mitumbwi ishirini na mbili wakasema wataona. Toussaint alilipokea neno hilo kama ndiyo. Bertille alilipokea kama wataona.

Alasiri hiyo Papa Félicien aliliosha gari, akaliegesha kiwanjani, akatoa ufunguo. Toussaint alinyoosha mkono. Mzee akampita, akatembea mpaka mezani, ambako Bertille alikuwa akimhudumia mtu wa pikipiki, akangoja zamu yake. Zamu ilipofika alivua kofia.

"Mama Bertille," akasema, na hakumwita shemeji, alimwita kama anavyoitwa mwenye mali. "Naomba gari kesho. Mahindi iko Niemba, na watoto wangu wanasema nimezeeka."

Bertille aliuchukua ufunguo, akaushika kidogo, akamrudishia.

"Urudi kabla ya giza, Papa," akasema. "Kesho kutwa kuna mutu anataka umuvutie mashine ya kusaga."